Maziwa ya Mwezi wa Mei

Ndugu zangu, kabla sijafika mbali, naomba kila mmoja aweke vidole viwili shingoni, chini kidogo ya kongomeo, kisha ameze mate. Umehisi kinachopanda na kushuka? Hapo ndipo ilipo tezi ya shingo, yenye umbo la kipepeo. Wazee wa nyanda za juu wanaijua vizuri, maana ikikosa madini joto huvimba, mtu akaota rovu. Ndiyo sababu chumvi yetu hutiwa madini joto. Nimeanzia hapa kwa kuwa ukishaielewa tezi hii, umeuelewa msiba wa watoto wa Chernobyl, kituo cha umeme wa nyuklia kilichokuwa Ukraine, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti uliotawaliwa kutoka Moscow.

Kinu cha nyuklia namba 4 cha kituo hicho kililipuka saa saba na dakika 23 usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986. Kulipokucha, watoto wa Pripyat, mji wa wafanyakazi uliokuwa jirani kabisa na kituo, walikwenda shule kama kawaida. Kesho yake mchana yakaja mabasi, watu wakaambiwa wachukue vitu vya siku tatu. Hawakurudi kuishi pale tena. Jumatatu, huko Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, kipima mionzi kwenye kituo cha nyuklia cha Forsmark kililia kwa sababu ya viatu vya mfanyakazi. Jioni ndipo Moscow ikatoa tangazo fupi, sentensi chache tu. Na Mei Mosi, mjini Kyiv, gwaride likafanyika, watoto wakiwemo.

Sasa turudi shingoni. Kinu kile kilitoa sumu nyingi, mojawapo iodini 131, ambayo ni madini joto yenye mionzi. Tezi haiwezi kuyabagua, huyapokea yote. Upepo uliibeba, mvua ikaishusha kwenye majani, ng'ombe akala, mama akakamua, mtoto akanywa. Tezi ya mtoto ni ndogo lakini maziwa anakunywa mengi, kwa hiyo mionzi ile ile humwumiza kuliko mtu mzima. Tena udongo wa Polesie, kwenye mpaka wa Ukraine na Belarus, una upungufu wa madini joto. Tezi za watoto wale zilikuwa na njaa, zikafyonza kwa pupa.

Kinachoniuma ni hiki. Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Zikipita siku 80, imebaki kama sehemu moja tu kati ya elfu. Kumbe ilitosha mama kuambiwa mapema: kwa majuma kadhaa usimpe mtoto maziwa ya ng'ombe anayechungwa nje. Poland haikusubiri kuelezwa na Moscow. Kuanzia usiku wa Aprili 29 iliwagawia madini joto watoto zaidi ya milioni 10, ili tezi zao zishibe yaliyo salama, na ng'ombe wakazuiwa kula majani mabichi. Wenzao wengi wa vijijini upande wa pili wa mpaka waliendelea kunywa.

Mnamo 1990 hivi, madaktari wa Belarus wakaanza kuona saratani ya tezi kwa watoto, ugonjwa ambao kwa umri ule ni nadra sana. Hadi 2005, kati ya waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali, zilikuwa zimegunduliwa zaidi ya 6,000 katika Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika zaidi, na sehemu kubwa yake yahusishwa na maziwa yale. Waliokufa hadi mwaka huo ni 15. Nimewasikia wanaosema, basi, idadi si kubwa. Mimi siwezi kusema hivyo. Aliyepona amebaki na kovu la upasuaji lililokatiza mbele ya shingo, ambalo kule huliita mkufu wa Chernobyl. Na kwa kuwa tezi yake imetolewa, kila asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni, humeza kidonge. Wengi walikianza wakiwa darasani, na leo bado wanakimeza.