Viti Saba na Gunia la Mahindi: Mazungumzo na Walimu Kuhusu Gari la Familia

Mwenyekiti, Mweka Hazina, walimu, shikamooni mlio wakubwa kwangu, na wengine habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia wanachama kadhaa wa chama chenu cha mikopo wameomba mkopo wa gari mwaka huu, na karibu wote wameandika neno moja kwenye fomu: Noah, ile gari ndefu ya Toyota. Akasema, fundi, njoo uongee nao kabla hatujatoa pesa. Nami nikamwomba kitu kimoja. Lile gari la Mweka Hazina, pale nje chini ya mwembe, lisiwashwe tangu jana jioni. Tutalirudia.

Nimeshika spana hapa Morogoro mwaka wa 21 huu. Sina gari la kumuuzia mtu, na siku hizi sichukui chochote kwa dalali. (Kicheko.) Nimesema siku hizi.

Tuanze na hilo neno, nafasi. Mtu akitafuta gari kubwa la familia anahesabu viti. Kwa Toyota, Wish viti saba, Sienta saba, Ipsum saba, Noah mara nyingi nane. Basi, amemaliza. Sasa chukua Wish, simamisha safu ya tatu, halafu nenda nyuma ufungue buti. Patakutosha begi la madaftari na mwavuli. Umepakia watu saba mnakwenda kijijini kwa Krismasi, na mnarudi na gunia la mahindi na mkungu wa ndizi. Vinakaa wapi? Noah ni ndefu kwenda juu, safu ya tatu inakunjwa ubavuni, na hata ikiwa imesimama bado unapata pa kuweka mabegi kidogo. Lakini si pengi kama mnavyodhani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, hesabu watu wa Jumanne, usihesabu wa Krismasi. Jumanne asubuhi nani anapanda? Baba, mama, watoto watatu? Hao wanaenea kwenye Wish au Spacio, safu ya tatu imelazwa, na buti unalo. Mama mzazi akija mara mbili kwa mwaka unainua kiti kimoja. Kwa nyumba ya namna hiyo Noah ni kubeba hewa, na hewa hiyo unailipia: mjini Noah itakupa kilomita 8 hadi 10 kwa lita, kulingana na foleni na mguu wako. Wish ya 1.8 inakwenda mbele zaidi ya hapo. Lakini kama nyumbani mko saba kila siku, au una mzee asiyeweza kuinama kuingia gari la chini, chukua Noah na usione haya. Ule mlango wa kusukuma na sakafu iliyo bapa ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye magoti mabovu. Na siku ya kwenda kuangalia gari, nenda na huyo bibi. Mwambie apande hadi safu ya tatu, kisha ashuke. Akikwama, umepata jibu bila kufungua boneti.

Nawaeleza kosa langu mwenyewe. Mwaka fulani nilinunua Ipsum ya 2.4. Fundi mzima. Niliijaribu peke yangu, barabara tambarare ya hapa mjini, kiyoyozi kinapuliza, injini kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mwezi wa pili nikapakia familia na shemeji zangu wawili kwenda Iringa. Pale Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda Kitonga. Kona ya tatu, mshale wa joto ukaanza kutembea. Kona ya tano nikaegesha, malori yananipita, mvuke unatoka, na mke wangu hasemi kitu. Bora angesema.

Kilichokuwa kimeharibika ni hiki. Injini ile, 2AZ, bloku yake ni ya alumini, na kwa zile za miaka ya mwanzo ya 2000, nyuzi za kushikia bolti za silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, zilikuwa fupi. Zikizeeka zinang'oka. Hedi inaachia kidogo tu upande wa nyuma, kulant, yale maji ya kupoozea injini, inavuja pale usipopaona, na gari linaanza kuchemsha. Ukikimbilia kubadilisha gasketi peke yake umetupa hela, maana bolti haina pa kushika. Ni kutoboa upya na kutia nyuzi za chuma. Ndugu yake mdogo, 1AZ ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, iliyomo kwenye Noah za 2001 hadi 2007 na Wish za 2.0 za mwanzo, ana ugonjwa huohuo, na juu yake ana pampu ya mafuta ya presha kubwa ambayo haipendi petroli chafu. Sisemi msinunue kabisa. Nasema bei yake iko chini kwa sababu, na dalali hataitaja sababu hiyo.

Tangu Kitonga nimejifunza kwamba gari la nafasi linajaribiwa likiwa limejaa. Gari tupu linasema uongo. Jaza watu, washa kiyoyozi, tafuta mwinuko, hapa kwetu barabara za kupanda kuelekea Uluguru zinatosha, kisha simama juu ukiacha injini inanguruma dakika kumi. Mwenye gari akikataa watu saba wasipande kwenye gari la watu saba, mwage kwaheri kwa heshima.

Kuna jambo hapa mafundi wenzangu watanichukia nikilisema. Gari likichemsha, njia ya mkato mtaani ni kung'oa thamostati, kile kizibo kinachopima joto na kufungulia kulant, na kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Nimefanya, sitaficha. Mshale unashuka, mteja anafurahi, na ugonjwa unabaki ndani. Kwa hiyo ukiwasha gari la baridi na feni ikaanza kuvuma papo hapo wakati kiyoyozi kimezimwa, uliza. Ukifungua rejeta, injini ikiwa ya baridi jamani, msije mkaungua, ukakuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulant, uliza tena. Na muuzaji mwambie tangu jana yake asiwashe gari mpaka ufike. Ukiweka mkono kwenye boneti ukakuta joto, kuna kitu kilikuwa kinafichwa asubuhi: moshi, mlio wa cheni, au betri iliyokufa.

(Mwalimu mmoja aliuliza kuhusu gia boksi za "siviti".)

Asante, dada. CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Noah za kuanzia 2007 zinazo, hata baadhi za kabla ya hapo, Wish za kuanzia 2009 zinazo, Nissan Serena C25 inayo. Si mbovu. Kinachoziua hapa kwetu ni hydroliki, yaani mafuta ya gia boksi. Toyota wana yao, TC kwa za zamani na FE kwa za baadaye. Nissan wana NS-2 na NS-3. Fundi anamimina ATF, ile hydroliki ya otomatiki za kawaida, kwa sababu ndiyo iliyo dukani na ni rahisi, mkanda unateleza, na baada ya muda mwenye gari anaambiwa CVT ni takataka. Kwenye majaribio, gari likiwa limejaa, ondoka taratibu kwenye mwinuko. Likitetemeka kama mtu mwenye homa, au injini ikapiga kelele na gari lisisogee, hapo kuna ununuzi wa gia boksi mbele yako. Asiyetaka presha hiyo atafute Wish ya toleo la kwanza ya 1.8 au Spacio, zenye gia nne za kawaida. Spea zake kule Gerezani, Dar, zimejaa na fundi yeyote anazijua. Ila kagua kama injini inakula oili.

Sasa, kununua mkononi kwa mtu hapa nchini, au kuagiza Japani? Mtu anaona bei kwenye mtandao anasema, mbona rahisi! Tuseme TRA, mamlaka ya mapato, wamelithaminisha gari kwa milioni 10 hadi kufika bandarini. Na kumbukeni wanatumia thamani yao, si risiti yako. Ushuru wa forodha 25%. Ushuru wa bidhaa 5% kama injini iko kati ya cc 1,000 na 2,000, ikizidi hapo 10%. Gari likizidi miaka 10 tangu litengenezwe, 30% ya uchakavu. Likiwa na miaka 8 hadi 10, 15%. Juu ya vyote, VAT 18%. Piga hesabu: kwa gari la cc 1,998 lililozidi miaka 10, hizo nne tu zinakaribia milioni 10 nyingine, na bado hujagusa tozo ya reli, bandari, usajili na bima. Bajeti ikisomwa Juni namba zinaweza kusogea, basi ingieni kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma dola. Ukiagiza, dai karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari kule Japani. Alama R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Herufi S na C kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo ni kutu. Kule kaskazini, Hokkaido, wanamwaga chumvi barabarani kwa sababu ya theluji, na chumvi inakula chini ambako picha hazifiki.

Mkononi, msidanganyike na namba E, yaani namba za usajili za karibuni. Namba inasema gari limesajiliwa lini hapa, si limetengenezwa lini. Soma mwaka kwenye kadi. Kwa Noah, chunguza kama lilibeba abiria: reli ya mlango iliyolika, vishikio vya juu vilivyong'aa, viti vilivyovalishwa upya, matundu ya bolti sakafuni. Odometa iacheni, inarudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazama pedali ya breki na usukani vilivyochakaa. Na angalieni madeni ya trafiki na maegesho kabla ya kubadilisha umiliki.

Mkopo wenu ukiwa milioni 18, tafuteni gari la milioni 14. Zile 4 ni za oili zote, kulant, tairi, bushi na shokapu. Gari la watu saba huwa limechoka miguu.

(Swali kutoka nyuma: "Fundi, na Probox?")

Mwalimu, Probox ni jembe. Lakini iliundwa kubeba mizigo, kiti cha nyuma ni benchi, na watoto wako watakudai migongo wakiwa wakubwa. (Kicheko.)

Haya, naona saa. Mweka Hazina, ufunguo uko nao? Watu sita waje nami, na yule mama mnene asikatae, tunamhitaji hasa yeye. Tunaanza na mkono juu ya boneti.