Rosa Parks Alikaa Kiti Gani?

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Nimepewa dakika ishirini kueleza jinsi watoto wetu wa darasa la Jumamosi, hapa Minnesota, wanavyotunga kitabu cha haki za kiraia kwa Kiswahili. Wanaonijua wanajua nitaanza na basi. Na nitaanza na basi, lile ambalo Rosa Parks, mwanamke Mweusi wa Marekani, alikataa kumpisha Mzungu kiti, akakamatwa.

Rasimu ya kwanza ilikuja na mchoro wa bibi kizee, mvi na mkongojo, kaketi kiti cha mbele kabisa. Chini wameandika: "Alichoka miguu." Nani kawaambia? "Mwalimu, kila mtu anajua." Hiyo "kila mtu anajua" ndiyo inayonizeesha mimi.

Tukatandika karatasi sakafuni, tukachora basi la Montgomery, mji wa jimbo la Alabama. Viti 36: 10 vya mbele vya Wazungu, hata vikikaa vitupu, 10 vya nyuma vya Weusi, 16 vya katikati, na kwa hivyo vya katikati dereva ndiye mwamuzi. Tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks aliketi safu ya kwanza ya hapo katikati. Mzungu mmoja akakosa kiti, dereva akawaambia watu wanne wainuke. Kijana mmoja akaruka: wanne kwa mmoja? Ndiyo, maana Mweusi hakuruhusiwa kukaa safu moja na Mzungu. Tukapanga viti, tukaketisha watoto wanne. Watatu wakanyanyuka. Wa nne, Rosa wetu, akasogea dirishani kama tulivyomwelekeza, kisha akaanza kucheka kwa aibu kwa vile wote tulikuwa tunamkodolea macho. Mchoraji akaenda mwenyewe kuuchana mchoro wake.

Uzee wenyewe uko wapi? Alikuwa na miaka 42. Na uchovu, mwenyewe alieleza baadaye: mwili haukuchoka, alichoka kuonewa na kukubali. Tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, pale mjini.

Namwona mzazi anayesema moyoni, mwalimu naye, kitabu cha watoto, kiti kina neno gani? Kina neno, ndugu yangu. Ukimchora mbele, msomaji ataona kaenda kukaa pa watu. Yeye alikuwa pale pale walipomruhusu, na bado akaambiwa ainuke. Hata mahakamani kulipelekwa mchoro wa basi. Sasa sisi ni nani tukisie?

Dakika tano? Mmeanza kuhesabu lini?

Haya, mbio mbio. Claudette Colvin, miaka 15, alikamatwa Machi 1955, miezi tisa kabla, kwa kosa lile lile. Ni mmoja wa wanawake wanne walioshinda kesi ya mabasi hayo mwaka 1956. Ana kurasa mbili, na wasichana watatu wamezigombania. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, usiku wa siku aliyokamatwa Rosa alikesha na mwenzake na wanafunzi wawili kwenye mashine ya kurudufu, wakatoa maelfu ya vipeperushi vya kususia mabasi. Ndiyo maana kwetu waliokata na kubandika karatasi wanaandikwa majina pamoja na watunzi, na sitaki ubishi.

Oginga Odinga kule Atlanta, Desemba 1963, nilikuwa nimemwekea... basi, mwenyekiti ananikazia macho. Odinga tutamwongelea kwenye chai. Rasimu iko mezani pamoja na kalamu nyekundu. Atakayeona kosa asininong'oneze mlangoni, aandike pembeni ya ukurasa, na aseme kalijulia wapi.