Hapana, Sijawa Kalasinga

Haya jamani, hii video naifanya mara moja tu, msiniulize tena. Tangu niweke ile picha nimefunga kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, swali ni lile lile: "Umekuwa Kalasinga?" Yaani, nimeingia dini ya Masingasinga? Hata mjomba kampigia mamangu simu kumpa pole. Mjomba huyu huyu ambaye kwenye mchango wa tiketi yangu aliahidi elfu tano, na mpaka leo ziko njiani. Hayo tuyaache.

Kitambaa ni adabu ya pahali, basi. Ukiingia alipo Guru Granth Sahib, kitabu chao, unavua viatu na kufunika kichwa, uwe nani uwe nani. Chuo chetu huku Punjab, India, kilikuwa kinakumbuka kifo cha Guru Tegh Bahadur, guru wao wa 9, yaani kiongozi wao wa dini. Kitabu kina kurasa 1,430 na husomwa bila kukatika, kama saa 48, wasomaji wakipokezana. Hosteli iko karibu na ukumbi. Saa tisa usiku nageuka kitandani, sauti bado inakwenda.

Na huyo guru alikatwa kichwa Delhi mwaka 1675, enzi za mfalme Aurangzeb. Wenyewe husimulia kwamba aliwasimamia Wahindu wa Kashmir wasilazimishwe kubadili dini, na yeye hata Mhindu hakuwa. Sasa wewe unayeniandikia kwamba kumbukumbu ya mtu kama huyo imenibadili dini, sijui nikujibu nini.

Mwingine kauliza, "Kumekuwa kugumu mpaka wala vya bure?" Kwani nyinyi hamjawahi kushuka Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa? Hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 na watu wa reli, abiria anakula, anashukuru, anaendelea na safari. Huku ni vivyo hivyo, chakula chenyewe kinaitwa langar. Siringi, silalamiki. Tumekaa chini kwa mstari, mzee akaja na chapati. Nikanyoosha mkono wa kulia kama nilivyolelewa. Akasimama tu, hanipi. Jirani akanidukua kiwiko: mikono miwili! Nikakinga kama naomba dua, ndipo akaidondosha, moto bado.

Tena siku hiyo nilikuwa na hasira zangu. Wiki tatu nafuata barua ya kuthibitisha kwamba mimi ni mwanafunzi, maana bila hiyo viza haiongezwi muda. Ada nimelipa, benki imekata chake shilingi ikienda dola, imekata tena dola ikienda rupia. Bado barua. Karani jibu lake ni moja: "Kal." Na huku kal ni kesho, na jana pia ni kal, kwa hiyo hata hujui kama umeahidiwa au umechelewa. Lakini haya ni yangu mimi. Wewe chuoni kwako pengine utaipata siku hiyo hiyo. Usije ukasema nilikukataza India.

Basi nainua macho, anayegawa dengu ni karani yule yule, miguu mitupu, ndoo mkononi. Akanijazia sahani, akaniongeza na upawa wa pili bila kuombwa. Nikasema moyoni, ni hapa hapa.

"Barua yangu, bwana?"

Akacheka, akasogea kwa anayefuata.

"Kal."