Jinsi ya Kukitambua Kikosi cha Flak kwenye Picha ya Angani

Karibuni watazamaji. Tandazeni mezani picha ya angani ya Ujerumani, mfano wa zile zilizopigwa na ndege za upelelezi za Uingereza mwaka 1943 na 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Leo tunatafuta humo kikosi cha mizinga mizito ya kutungua ndege, yaani Flak.

Anza kwa kuigeuza picha mpaka vivuli viangukie upande wako. Usiiruke hatua hii. Ukiipuuza, jicho litaona kilima palipo na shimo.

Sasa tafuta mashimo ya mviringo yaliyo karibu karibu, kila moja limezungushiwa tuta la udongo. Humo ndimo mizinga ilimokaa, na makombora yaliwekwa kwenye vijumba vidogo ndani ya tuta. Hesabu. Mwanzoni mwa vita utakuta mizinga minne. Miaka ya baadaye sita, hata minane. Makundi mawili au matatu yaliyosogeleana ni Grossbatterie, vikosi vilivyounganishwa ili vilenge shabaha moja kwa pamoja. Ukubwa wa mizinga ulikuwa milimita 88, 105 au 128, ila usikimbilie kuutaja kwa kutazama shimo tu.

Hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Tafuta kituo cha uongozaji, kilichokuwa katikati ya mizinga au pembeni kidogo. Fikirini hesabu waliyokuwa nayo. Ndege inayokwenda kilomita 360 kwa saa husogea mita 100 kila sekunde. Kombora likihitaji sekunde 15 kufika juu, ndege imeshahama kilomita moja na nusu. Kwa hiyo hakuna aliyeilenga ndege pale alipoiona. Mtambo ulioitwa Kommandogerät, wenye darubini ya kupima umbali yenye urefu wa mita 4, ulikokotoa mahali ndege itakapokuwa. Majibu yalisafiri kwa nyaya hadi kwenye kila mzinga: uelekee wapi, uinuliwe kiasi gani, na fyuzi itegwe ilipuke baada ya sekunde ngapi. Mshika mzinga alilinganisha mshale wa kipimo cha mzinga wake na ule wa mtambo. Bila kituo hiki, mizinga ilibaki kufyatua kwa kukisia.

Karibu na hapo tafuta sahani ya rada ya Würzburg, kipenyo chake mita 3. Ile kubwa, Würzburg-Riese, ilikuwa na zaidi ya mita 7. Usiku au penye mawingu, rada ndiyo iliyolisha mtambo vipimo. Ndiyo maana Julai 1943, Waingereza walipomwaga juu ya Hamburg vipande vya karatasi ya alumini vilivyoivuruga rada, mizinga ilipoteza shabaha ingawa yenyewe haikuguswa.

Kisha chukua kioo cha kukuzia ufuate mistari myembamba. Mitaro ya nyaya huunganisha kituo na mashimo; njia za miguu huelekea kwenye vibanda vya kulala. Mashimo yasiyo na njia hata moja yatilie shaka. Wajerumani walijenga pia vikosi bandia, na nyasi zisizokanyagwa ziliwaumbua.

Kwenye vibanda, tulieni kidogo. Tangu Februari 1943 wavulana wa sekondari, waliozaliwa 1926 na 1927, waliitwa kuhudumia mizinga hii. Walimu wao waliwafuata kikosini kuwafundisha, na baada ya usiku wa mashambulizi mtoto aliketi darasani. Wafungwa wa vita kutoka Urusi nao walitumiwa kubeba makombora. Nawaombeni msiandike "vibanda" mkapita. Andikeni ni nani waliolala humo.

Mwisho, weka alama: M kwa mizinga, K kwa kituo, R kwa rada. Andika tarehe ya picha, kisha tafuta nyingine ya eneo hilohilo ya miezi michache baadaye. Vikosi vilihamishwa mara kwa mara, na mashimo matupu yaliachwa nyuma.