Kitelugu na Kiassam: nani ndugu wa nani?

Wakubwa zangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Nilipokuwa nasoma Hyderabad nililala chumba kimoja na vijana wawili. Mmoja kwao ni Guntur, jimbo la Andhra Pradesh, na lugha ya nyumbani kwao ni Kitelugu. Wa pili kwao ni Jorhat, Assam, kwenye bonde la mto Brahmaputra, kaskazini-mashariki kabisa mwa India. Huyu lugha yake ni Kiassam. Jioni moja niliwaomba wanifundishe kuhesabu, kila mmoja kwa lugha ya mama yake. Daftari lile ninalo mpaka leo, na haya mnayoyaona ubaoni nimeyatoa humo.

Wa Guntur alisema: okati, rendu, mudu, nalugu, aidu. Wa Jorhat akasema: ek, dui, tini, sari, pas. Hapo wote watatu tukatazamana. Wao ni raia wa nchi moja na wanakula meza moja, lakini kuanzia moja mpaka tano hakuna neno linalokutana na mwenzake. Hata kuombana chumvi iliwabidi watumie Kihindi au Kiingereza.

Kitelugu ni cha ukoo wa Kidravidi, pamoja na Kitamil, Kikannada na Kimalayalam. Kiassam ni cha ukoo wa Kihindi-Kiulaya, ukoo uleule wa Kibengali, Kihindi, Kiajemi, na huko mbali Kilatini na Kiingereza. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wenye Kitelugu kama lugha ya kwanza kuwa zaidi ya milioni 81, na wenye Kiassam zaidi ya milioni 15. Maandishi yao, ukiyatazama, hayafanani: ya Kitelugu ni ya mviringo, ya Kiassam yana mstari juu ya kichwa. Lakini yote mawili yametokana na mwandiko wa kale wa Brahmi, kwa hiyo mwandiko hautuambii ukoo. Tuuache.

Nataka tukae kwenye maneno, kwa sababu ndiyo yanayowadanganya watu wengi. Kalamu ya wino kwa Kitelugu ni kalam. Kwa Kiassam ni kolom. Kwetu ni kalamu. Kitabu kwa Kiassam ni kitap. Kama undugu ungepimwa kwa maneno haya, sisi watu wa pwani tungekuwa ndugu zao wote wawili! Maneno haya ni ya Kiarabu, nao huko India waliyapokea kwa mkono wa Waajemi. Neno husafiri kama bidhaa. Anayelinunua habadilishi baba yake.

Kitelugu kimeteseka sana kwa kosa hili. Kimejaa maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hasa katika dini, ushairi na elimu, hata wataalamu wa Kizungu walioishi India wakaamini kwamba kimezaliwa na Kisanskriti. Mwaka 1816, huko Madras, ofisa wa Kiingereza aitwaye Francis Whyte Ellis, aliyefanya kazi bega kwa bega na wanazuoni wa Kihindi, alionyesha kuwa sivyo. Alitenga maneno yaliyopokewa, akabaki na mashina ya Kitelugu chenyewe, akayaweka sambamba na ya Kitamil na Kikannada. Tatu ni mudu kwa Kitelugu, munru kwa Kitamil, muru kwa Kikannada. Jicho ni kannu, kan, kannu. Haya ndiyo maneno ya jikoni na ya mwilini, ambayo mtu haendi kuyaazima kwa jirani.

Nani kati yetu hapa hajawahi kuambiwa kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika? Mimi nimeambiwa hivyo na watu wazima, tena wasomi. Sita, saba na tisa kweli tumezipokea kwa Waarabu. Lakini moja, mbili, tatu, nne na tano ni zetu tangu na tangu, na watu wawili, vitabu viwili, hatukufundishwa na Mwarabu yeyote. Ndiyo maana habari ya Ellis na Kitelugu inanigusa. Kesi ni yetu, mahakama tu ndiyo tofauti.

Sasa tusikilize jinsi lugha hizi zinavyokataa. Mtelugu akisema nakula, atasema tintanu. Akikataa, tinanu. Kile kipande cha wakati, -ta-, kimetoka, ikaingia -a- peke yake. Linganisheni na ninapenda na sipendi. Ile -na- yetu imekwenda wapi? Imetoka vilevile. Mwassam naye hukanusha kwa kuanzia mbele, kama tunavyoanza na ha- na si-. Naandika ni likhu, siandiki ni nilikhu. Naelewa ni buju, sielewi ni nubuju. Nakula ni khau, sili ni nakhau. Sikilizeni irabu: ni-, nu-, na-. Kiambishi kinaifuata irabu ya kitenzi, kama mtoto anayeshika upindo wa kanga ya mama yake. Sijui kukueleza furaha niliyoipata usiku niliposikia jambo hilo mara ya kwanza.

Je, basi sisi ni ndugu? Hapana. Na hapa naomba tuwe waangalifu, maana wapo wanaokimbilia kutangaza undugu kwa kufanana kwa namna hii. Binadamu wana njia chache za kukataa, na lugha zisizojuana huangukia njia moja. Undugu unataka sauti zilingane kwa utaratibu, neno baada ya neno. Saba kwa Kihindi ni sat, kwa Kibengali shat, kwa Kiassam xat, na hiyo x isomeni kama kh ya kheri. Lugha kwa Kibengali ni bhasha, kwa Kiassam bhaxa. Penye sh ya Mbengali, Mwassam mara nyingi ana kh. Hata jina la nchi yao, wao wenyewe hutamka Okhom.

Mengine nitayapitia haraka. Mtelugu ana "sisi" mbili: manam, mimi na wewe unayenisikiliza, na memu, sisi bila wewe. Mwassam hana, nasi hatuna. Mtelugu hapendi neno liishie konsonanti, ukiacha chache kama m, kwa hiyo basi lililomfikia kutoka Kiingereza kalifanya bassu. Mwassam naye akihesabu hupanga vitu kwa namna zake: watu wawili ni duzon manuh, vitabu viwili ni dukhon kitap. Wawili, viwili. Mnaona?

Lakini lililonikaa moyoni ni la nyumbani. Mwassam akisema mama yangu, ni mor ma. Mama yako, tomar mara. Mama yake, tar mak. Neno lenyewe la mama linabadilika kwa kumfuata mwenye mama. Na ndugu mdogo vilevile: bhai, bhayera, bhayek. Nilimwambia yule wa Jorhat kwamba kwetu tunasema mamangu, mamako, mamake. Akaketi kitandani akaniomba niyarudie, mara tatu.

Sasa, Kiassam nacho kilionewa, ila kwa njia nyingine. Kitelugu kilipewa mama asiye wake. Kiassam kilinyimwa jina, kikaambiwa ni lahaja ya Kibengali. Waingereza waliitwaa Assam baada ya mkataba wa Yandabo waliotiliana na Waburma mwaka 1826, na kuanzia 1836 mahakama na shule za huko zikaendeshwa kwa Kibengali. Mkulima alisimama mbele ya hakimu kwa lugha ya watu wengine katika nchi ya babu zake. Wamisionari Wabaptisti wa Kimarekani walikuwa wakichapa kwa Kiassam huko Sibsagar, na mwaka 1846 wakaanzisha jarida la Orunodoi. Kijana wa huko, Anandaram Dhekial Phukan, naye mwaka 1855 aliandika kijitabu kuitetea lugha yake kwamba inasimama yenyewe. Alifariki 1859, hajafikisha miaka 30. Kiassam kilirudishwa mahakamani na shuleni mwaka 1873.

Serikali ya India ilikitambua Kitelugu kuwa lugha ya kale yenye hadhi mwaka 2008. Kiassam kilisubiri hadi tarehe 3 Oktoba 2024. Siku hiyohiyo, katika tangazo hilohilo, kilitambuliwa na Kibengali, kila kimoja kwa jina lake. Usiku ule yule wa Jorhat alinitumia ujumbe wa maneno mawili: mor bhaxa. Lugha yangu.

Karibuni kwa maswali.