Bomba Tatu Juu, Farumi Chini

Asanteni sana. Ratiba mliyopewa mlangoni inasema nitazungumzia bodi, mota, redio, rangi na majaribio majini, kila kimoja kwa dakika zake. Aliyeipanga hanijui. Mimi nina jambo moja, nimelisema mpaka wengine wananikwepa, na leo nalisema tena: modeli zetu za manowari, hizi za rimoti, zinapinduka kwa sababu tunazijenga kwa macho yaliyoelekea juu.

Tuchukue Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoishia kwenye delta ya Rufiji katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maana nusu ya waliomo humu ama wameshaijenga ama wanaitamani, na habari zake za Rufiji mnazijua. Ilipotia nanga Dar es Salaam Juni 1914, watu wa mji waliipa jina: manowari na bomba tatu. Ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, lakini kilichowajaa machoni ni yale mabomba ya moshi. Na sisi mpaka leo yanatujaa machoni yaleyale. Kijana ananunua bati la shaba, anakunja mabomba matatu, anayalehemu, anaongeza milingoti ya shaba, mizinga ya chuma iliyokerezwa, mashua, ngazi, taa za kumulikia. Kazi safi, namvulia kofia. Kisha anaishusha majini mbele ya watu, inasimama kidogo, inalala ubavu.

Hesabu zake hizi hapa. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115, upana wa mita 13 na kidogo, na ilikula maji mita 5 na robo. Kwa kipimo cha moja kwa 72 unapata chombo cha sentimita 160, upana 18, na sentimita 7 chini ya maji. Uzito sasa. Meli ilikuwa na tani kama 3,390. Wapo wanaogawanya kwa 72, wanapata tani 47, wanadhani kikokotoo kimeharibika. Uzito unagawanywa kwa 72 mara tatu, kwa sababu umepunguza urefu, ukapunguza upana, ukapunguza na kina. Unabaki na kilo 9. Hizo kilo 9 ni bodi, sitaha, mota, betri, rangi, gundi, na hayo mabomba yako.

Najua kuna mtu anajibu moyoni: mimi nimefuata ramani, kila kitu kiko kwenye kipimo. Haiko hivyo. Umefuata urefu na kipenyo, unene hukuufuata. Bati la milimita 6 kwenye meli, kwa kipimo chetu, halifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Wewe umeweka shaba ya nusu milimita. Umezidisha uzito mara sita, na umeuzidisha mahali pabaya kuliko pote. Kata kopo la soda. Bati lake ni jembamba karibu na hapo tunapopataka, na ni la bure. Ukishalipaka rangi ya kijivu, nani atajua?

Kuna jambo la pili kwenye vipimo. Kila chombo kinachoelea kina nafasi fulani kati ya kitovu cha uzito wake na ile nukta ya juu wanayoiita metasenta. Nafasi hiyo ndiyo inayokirudisha chombo kikilala. Tuseme meli kubwa ina sentimita 60 za nafasi hiyo. Ukipunguza kwa 72 umebaki na milimita 8. Milimita 8 ndizo zinazokutenganisha na aibu, na milingoti ya shaba inaweza kuzimaliza.

Na upepo haupunguzwi! Hapa ndipo ninapogombana na watu wa ramani. Kasi kwenye modeli inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 72, yaani kama nane na nusu. Kwa hiyo upepo wa noti 10 (noti ni maili ya baharini kwa saa), kusi la kawaida la mchana ambalo hata halikuangushii kofia, kwa modeli yako ni upepo wa noti 85. Kimbunga kinahesabiwa kuanzia 64. Meli kubwa haikuombwa kufanya gwaride ndani ya kimbunga. Yako unaiomba kila Jumapili.

Sasa niruhusuni nieleze habari ya Captain. Najua, najua, wengine mmeisikia. Vumilieni.

Captain ilikuwa manowari ya Uingereza, imeundwa Birkenhead kwenye karakana ya Laird. Aliyeisukuma ni Cowper Coles, ofisa wa jeshi la majini aliyekuwa amependa mizinga yake ya kwenye minara inayozunguka kuliko alivyopenda ushauri. Mhandisi mkuu wa jeshi hilo, Edward Reed, alionya. Coles alikuwa na magazeti na wabunge upande wake, akapewa meli yake. Kwenye ramani, sitaha ilitakiwa ikae futi 8 juu ya maji. Ilipomalizika ilikaa futi 6 na nusu, kwa sababu uundaji ulikuwa umezidisha zaidi ya tani 700. Vitu vidogovidogo! Kila fundi aliongeza chake, na hakuna aliyekaa na mizani. Juu yake wakasimamisha milingoti mirefu ya miguu mitatu yenye matanga kamili, maana wakubwa wa wakati ule hawakuiamini injini peke yake.

Sikilizeni hapa. Kipimo cha kuiinamisha kilifanyika. Julai 1870, bandarini Portsmouth, waliilaza kidogo kwa uzito, wakaandika nyuzi. Hesabu zake zilipokamilika, Captain ilikuwa imeshaondoka. Zilionyesha kwamba nguvu yake ya kujirudisha inafika kilele kwenye nyuzi 21 tu. Monarch, meli iliyokuwa nayo kwenye msafara uleule, kilele chake kilikuwa nyuzi 40. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, karibu na rasi ya Finisterre huko Uhispania, upepo ulipiga na meli zote mbili zikalala. Monarch ikainuka. Captain haikuinuka. Walikufa karibu watu 480, na Coles mwenyewe alikuwemo. Walisalimika 18.

Watu wa pwani tuna methali, chombo cha kuzama hakina usukani. Naipenda, lakini mtu akiniambia hivyo baada ya modeli yake kupinduka, namuuliza: mizani iko wapi? Manahodha wa majahazi hawakuwa na metasenta, ila hakuna aliyetweka tanga kwenye jahazi tupu bila farumi, ule uzito wa chini unaokituliza chombo. Mawe yaliingia ngamani kwanza, maneno baadaye.

Basi, kipimo chenyewe, na hiki mtakifanya nyumbani. Modeli ya sentimita 160 haiingii kwenye beseni. Chukua mbao nne, piga fremu ya mita 2 kwa sentimita 60, tandika turubai, jaza maji kina cha sentimita 15. Hizo ni lita 180, ndoo 9 za lita 20. Mkeo au mumeo atauliza maswali. Mjibu kwa upole.

Weka modeli humo na kila kitu chake: betri, mota, hata bendera. Ning'iniza uzi wa sentimita 20 wenye nati mwishoni. Sasa weka uzito wa gramu 100 katikati ya sitaha, subiri itulie, kisha usogeze sentimita 8 kuelekea ubavuni. Nati ikihama sentimita moja na robo tatu, chombo kimelala nyuzi 5. Zidisha 100 kwa 8, gawa kwa gramu 9,000, kisha gawa kwa ile 1.75 iliyogawanywa kwa 20. Unapata sentimita moja. Hiyo ndiyo nafasi yako ya metasenta, na mimi kwa upepo wetu siruhusu chombo kitoke na chini ya hapo. Ndiyo, kitayumba haraka kuliko meli kubwa, kwenye video kitaonekana cha kuchezea. Heri hivyo. Kinachonitisha ni kile ukikisukuma kinarudi polepole kama mtu anayekumbushwa deni. Watu wanasema, oh, kinayumba kwa heshima kama meli ya kweli! Hicho ndicho kitakachokwenda mrama upepo ukianza.

Na asije mtu kuniambia huu ni mchezo wa watoto. William Froude, mhandisi Mwingereza, alianza na modeli mbili, Swan na Raven, akizivuta mtoni Dart, na mwaka 1872 akajenga hodhi la kuvutia modeli kule Torquay. Kanuni ya kipeuo ninayowasumbua nayo ni yake. Alipoilinganisha na manowari halisi, Greyhound, iliyovutwa baharini, hesabu zilikubaliana. Mahodhi ya namna hiyo yanatumika hadi leo kabla bati halijakatwa. Vasa, manowari ya Sweden iliyopinduka, ningependa pia kuisimulia, lakini naona mwenyekiti anatazama saa.

Haya, haraka. Mota: Königsberg ilifika noti 24, kwa kipimo chetu ni kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea upesi. Acheni kufunga mota za kurusha maji. Rafadha mbili, zizunguke kinyume, grisi ya kutosha kwenye bomba la mhimili. Betri: mnakimbilia lithiamu kwa sababu ni nyepesi, kisha mnanunua madini ya risasi kujazia uzito uleule. Betri ya risasi ya volti 6 iliyolala juu ya mkuku, uti wa chini wa chombo, ni farumi inayofanya kazi. Ifungeni isitembee. Gaweni ngama kwa vizuizi, maana maji kidogo yakiingia chombo bapa hukimbilia upande uliolala na kuulaza zaidi.

Redio: hizi za gigahezi 2.4 hazipenyi maji, kwa hiyo antena ikae juu ya mstari wa maji. Wekeni mpangilio wa kuzima mota mawasiliano yakikatika, na mjaribu kwa kuzima rimoti modeli ikiwa ingali mkononi. Ukitoka kwenye maji ya chumvi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Na mstari wa maji uchoreni kwenye maji mtakayosafiria, kwa sababu baharini chombo hukaa juu kidogo kuliko bwawani.

Rangi sitaizungumzia. Waliokuja na vyombo vyao, turubai liko tayari pale uani na mizani ipo. Tutaanza na yule kijana mwenye mabomba ya shaba.