Mhariri Mwenzako Akifuta Ulichoandika Wikipedia, Fanya Hivi

Habari zenu, karibuni tena. Leo tuko Wikipedia ya Kiswahili, na swali ni lile ninaloulizwa kuliko yote: nimeandika kitu, mtu kakifuta, nifanyeje?

Naingia kwenye akaunti. Kuingia mnajua, hapo sikai. Natumia kompyuta. Simu naipenda kwa kurekebisha herufi moja mbili, lakini penye mvutano nataka nione historia ya makala yote kwa upana.

Mfano wetu ni kimo cha Kilimanjaro. Mimi nimeandika mita 5,895, namba tuliyokaririshwa shuleni, inayotokana na upimaji wa 1952. Mwenzangu kaibadilisha kuwa 5,892, kwa vipimo vya GPS vya 1999. Naupenda mfano huu kwa sababu wote tuna hoja. Mivutano mingi huku ni ya watu wawili waliosoma vitabu tofauti, hakuna mwongo kati yao. Tunafanyia kwenye ukurasa wangu wa mazoezi, makala yenyewe hatuigusi. Na mwenzangu ni mtu kweli, yuko Moshi, amekubali kunisaidia. Sijafungua akaunti ya pili nibishane nayo. Akaunti ya pili ya kujiunga mkono mwenyewe ni kosa kubwa, na wapo wenye zana za kuikagua.

Haya, fungueni historia ya ukurasa. Kila mstari ni badiliko moja: saa, tarehe, jina, kisha muhtasari, yaani maelezo mafupi ya mhariri kuhusu alichobadilisha. Someni muhtasari kabla hamjakasirika. Huyu ameandika "nimeweka vipimo vipya". Basi huyu si mharibifu, ni mhariri.

Sasa polepole jamani. Ukibonyeza ile tarehe, unafungua toleo la zamani. Ukihariri ukiwa humo ndani kisha ukachapisha, umefuta kila kilichoongezwa baada yake, cha watu wote. Aliyeweka picha, aliyesahihisha tahajia, aliyeongeza chanzo, wote kazi yao imeondoka kwa ajili ya namba yako moja. Juu ya ukurasa linatokea onyo kwamba unahariri toleo la zamani. Lisomeni. Narudia: ukiona onyo hilo, toka, rudi kwenye makala ya sasa.

Subirini, mtandao unasuasua. Na kioo kinang'aa hapa, navuta pazia... Sawa, imefunguka.

Palipoandikwa "tengua" pembeni ya mstari, hapo unaondoa badiliko hilo moja tu. Tengua mara moja tu, si zaidi, na ueleze sababu kwenye muhtasari. Akirudisha tena, ondoa mkono. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ya kutotengua zaidi ya mara 3 kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Ukizidisha unaweza kufungiwa hata kama ulikuwa sahihi. Mimi nawasihi msingoje kufika 3. Ya pili tayari ni vita. Isipokuwa uharibifu wa wazi, mtu kaweka matusi au kafuta makala nzima: hapo rudisha bila kuomba mjadala.

Tunakwenda Majadiliano, ukurasa wa kujadili makala. Anzisha sehemu mpya, na kichwa chake kitaje jambo: "Kimo cha Kibo", maana Kibo ndicho kilele cha juu cha Kilimanjaro. Kisiwe "Fulani acha kupotosha". Ukishamtaja mtu kwenye kichwa, mtajadili mtu mpaka jioni. Naandika: "Ndugu, nimeona vipimo vya 1999. Naomba tuweke namba zote mbili, kila moja na mwaka wake na chanzo chake. Unaonaje?" Ukitumia kitufe cha kujibu, saini inajiweka. Ukiandika kwenye msimbo wa ukurasa, malizia kwa alama nne za mawimbi (~~~~), ile iliyo karibu na namba 1 kwenye kibodi nyingi.

Nachapisha... eh, tazameni! Mgongano wa uhariri. Wakati naandika, mwenzangu naye kachapisha. Sikuupanga huu, lakini umekuja vizuri. Nakili maneno yako kwanza. Yanakili! Halafu fungua ukurasa upya, bandika chini ya yake, chapisha. Usikimbilie kwenye historia kuchukua toleo la zamani, yale yale niliyosema.

Mkishindwa kuelewana wawili, ombeni jicho la tatu kwenye ukurasa wa Jumuiya, pale wahariri wote wanapojadiliana. Weka maelezo mafupi yasiyoegemea upande. Kuita marafiki wa kundi la WhatsApp waje kukuunga mkono hairuhusiwi, na haisaidii, maana kinachopimwa ni chanzo na hoja.

Hayo ni ya kutofautiana. Utovu wa nidhamu ni jambo jingine: matusi, vitisho, kumfuata mtu kila makala, kutoa hadharani jina lake halisi au anapofanya kazi. Kwa haya usijibu kwa moto, kusanya ushahidi. Kwenye historia chagua matoleo mawili, bonyeza linganisha, nakili anwani ya ukurasa unaotokea. Anwani hiyo inaonyesha nani aliandika nini, saa ngapi. Picha ya skrini peke yake naiona dhaifu, kwa sababu msomaji hawezi kuifuatilia.

Mwonye kwanza kwa adabu kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Akiendelea, waandikie wakabidhi, yaani wahariri waliopewa mamlaka ya kusimamia Wikipedia: mistari mitatu na viungo vyako. Mkabidhi anaweza kulinda ukurasa au kufungia akaunti. Hakai kuamua mlima una mita ngapi, kwa hiyo msimpelekee hilo. Wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza wana Kamati ya Usuluhishi, inayoamua migogoro mizito ya wahariri, tangu 2004. Kwetu kazi hiyo iko kwa jumuiya na wakabidhi wachache wanaojitolea, muwape muda. Kanuni za Maadili kwa Wote, zilizopitishwa mwaka 2020 na bodi ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, zinatuhusu na sisi wa Kiswahili.

Siri za mtu zikimwagwa, tafadhali msizinakili kwenye ukurasa wa wazi mkishitaki, mtazisambaza zaidi. Watumieni wakabidhi kwa barua pepe. Na kitisho cha kudhuru mtu kipelekeni polisi, pia kwa kikosi cha dharura cha Shirika la Wikimedia, siku hiyo hiyo.

Ukifungiwa wewe, eleza upande wako kwenye ukurasa wako wa majadiliano, kwa kawaida unabaki wazi, na usifungue akaunti nyingine.

Mwenzangu ameshajibu: anakubali namba mbili, ila anataka ya 1999 itangulie. Ngoja nikamtafutie ukurasa wa kitabu changu. Kwaherini.